Mlima Elgon ni mmoja, tiketi nayo iwe moja

Mvua ya usiku ikikatika na ukungu ukaondoka mapema, mtu aliyepanda juu ya Mwamba wa Tororo anauona Mlima Elgon wote upande wa kaskazini mashariki. Si mlima wa kilele kimoja chenye ncha. Ni mgongo mrefu wa buluu, na kitako chake ni kipana kuliko cha volkano nyingine yoyote inayosimama peke yake katika Afrika Mashariki. Kutoka mjini Busia nako, siku hewa ikiwa safi, mgongo huo huonekana kwa mbali nyuma ya mlolongo wa malori. Hakuna awezaye kuunyooshea kidole na kusema hapa ndipo Kenya inapoishia na pale ndipo Uganda inapoanzia.

Lakini waulize wakazi wa miji hii ni wangapi waliowahi kuukanyaga. Mwendesha bodaboda wa Sofia, mtaa ule wa Busia unaopakana na mpaka, atakuambia huko ni kwa watalii, akimaanisha watu wengine. Mwalimu wa shule ya msingi Malaba atakuambia ameuchora ubaoni mara nyingi, na kila mwaka wanafunzi wake wanajibu swali la mtihani kuhusu urefu wake. Yeye mwenyewe hajafika. Tena si kwa sababu ni mbali. Kutoka Tororo hadi Mbale, mji ulio chini ya mlima, haifiki kilomita 50.

Gazeti hili linaamini kwamba hali hii si ya lazima. Tunapendekeza jambo moja ambalo serikali za Kenya na Uganda zinaweza kulifanya bila kujenga hata ukuta mmoja: tiketi moja ya Mlima Elgon. Raia wa Afrika Mashariki alipe mara moja, aingie kwa lango la upande mmoja, atoke kwa lango la upande wa pili, na akaguliwe hati zake mara moja tu.

Kwanza tuseme mlima wenyewe una nini, kwa sababu wengi wetu tunautetea au kuupuuza bila kuujua.

Elgon ni volkano iliyokufa zamani sana, ya umri wa zaidi ya miaka milioni 20, mzee kuliko Kilimanjaro kwa mbali. Ilipolipuka na kuporomoka iliacha kasoko yenye upana wa kilomita karibu 8, moja ya kasoko kubwa duniani ambazo bado hazijavunjika. Kilele kirefu zaidi ni Wagagai, upande wa Uganda, mita 4,321. Koitoboss, wenye mita 4,222, uko Kenya. Sudek uko juu ya mstari wa mpaka. Ndani ya kasoko kuna chemchemi za maji moto, na hapo Mto Suam unaanza safari yake ya kutoka kwa korongo la mashariki, kuwa mpaka wa nchi mbili, kisha kubadilika jina ukaitwa Turkwel na kumwaga maji yake Ziwa Turkana.

Kuupanda hakuhitaji kamba wala mafunzo ya kupanda majabali. Kunahitaji miguu, pumzi, nguo za baridi na mwongozaji. Njia inayotumika zaidi ni ya Sasa, inayoanzia Budadiri. Mpandaji anapita kwanza katika mashamba ya kahawa na migomba, watoto wakimsalimu kutoka uani, halafu anakutana na majabali ya Mudangi ambayo hupandwa kwa ngazi, kisha msitu mnene, kisha mianzi. Mianzi hiyo ndiyo inayotoa malewa, yale machipukizi yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, ambayo mtu wa Tororo huyanunua sokoni Mbale bila kufikiri yametoka wapi. Siku ya pili hulalwa Mude, mahali penye pango, kwenye mita 3,500 hivi. Hapo miti imekwisha. Kumebaki nyasi, upepo, na mimea ya ajabu ambayo haimo kwingine ila katika milima mirefu ya ukanda wetu: lobelia warefu kama nguzo, na ile iliyo kama kabichi kubwa iliyopandikizwa juu ya gogo. Usiku maji huganda. Safari nzima ya kwenda kileleni na kurudi huchukua siku nne kwa mtu asiye na haraka. Wasio na siku nne wana Sipi, karibu na Kapchorwa, ambako maporomoko ya maji ya mita karibu 100 hutazamwa na kurudi nyumbani jioni hiyo hiyo.

Upande wa Kenya una sura nyingine. Lango kuu ni Chorlim, karibu na Endebess, si mbali na Kitale. Hapo gari imara, kukiwa kikavu, humfikisha mtu hadi kwenye mita kama 3,500, na kutoka hapo Koitoboss ni mwendo wa saa chache. Ndiyo kusema kilele kimoja cha mlima huu kinafikika kwa siku moja, jambo ambalo haliwezekani Kilimanjaro.

Lakini fahari ya upande huo ni mapango. Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha si mapango yaliyochimbwa na maji peke yake. Tembo wa Elgon huingia Kitum usiku, mmoja nyuma ya mwingine, mama na watoto, wakipapasa njia kwa mkonga gizani, kwenda kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Pango linaingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200, na alama za pembe zimejaa ukutani. Ni kizazi baada ya kizazi cha tembo kilichofanya kazi hiyo. Wanasayansi wametoka pembe zote za dunia kuja kuiona. Nyati, pongo na fisi hulamba chumvi hiyo pia, na juu ya miti wako mbega na kalasinga, yule kima mwenye ndevu nyeupe. Upande wa Uganda ujangili wa miaka ya vurugu, ya 1970 na 1980, ulikaribia kuwamaliza tembo. Wanaoonekana huko leo mara nyingi wametoka Kenya, na hawakuonyesha kitambulisho kwa mtu.

Hapo ndipo hoja yetu inapoanzia. Kenya ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon mwaka 1968, kilomita za mraba 169. Uganda ilitangaza yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, kubwa zaidi, kilomita za mraba zaidi ya 1,100. Jina moja, hifadhi mbili. Moja iko chini ya KWS na nyingine chini ya UWA, kila moja na lango lake, ada yake, ramani yake na askari wake. UNESCO nayo imeutambua mlima huu kuwa hifadhi ya uhai na mazingira mara mbili, mwaka 2003 kwa Kenya na mwaka 2005 kwa Uganda, kana kwamba ni milima miwili iliyotokea kufanana.

Kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili si marufuku. Inawezekana, lakini kwa mpango maalum: mpandaji aandike mapema kwa mashirika yote mawili, alipe pande zote mbili, apange na uhamiaji jinsi hati zake zitakavyogongwa muhuri, kisha askari wa nchi moja wamsindikize juu mlimani na wa nchi nyingine wampokee. Mgeni aliyelipia safari yake kwa wakala Nairobi au Kampala hufanyiwa hayo yote na wakala. Mwalimu wetu wa Malaba hana wakala. Atapanda Wagagai, atasimama juu akiangalia Kenya iliyo mbele ya macho yake, kisha atashuka njia ile ile aliyopandia.

Ni vigumu kuwaeleza watu wa Busia kwamba jambo kama hili haliwezi kurahisishwa, maana wao wameona kubwa zaidi likirahisishwa. Neno bodaboda, ambalo sasa ni la bara zima, lilizaliwa katika mipaka hii hii ya Busia na Malaba katika miaka ya 1960, vijana walipoanza kubeba watu kwa baiskeli kuvuka ule uwanja mrefu kati ya kituo cha nchi moja na cha nyingine. Ilikuwa kazi iliyotokana na usumbufu. Mtu alipanga foleni kutoka, akapanda baiskeli, akapanga foleni tena kuingia. Mwezi Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikuja Busia kuzindua rasmi Kituo cha Pamoja cha Huduma za Mpakani. Kanuni yake ni nyepesi: maofisa wa nchi unayotoka na wa nchi unayoingia wanakaa chini ya paa moja, katika nchi unayoingia, na msafiri anasimama mara moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeitungia kanuni hiyo sheria, ile ya mwaka 2016. Njia za panya hazikuisha Busia, tusidanganyane, lakini aliyenyooka hana tena sababu ya kuzitumia.

Kama kanuni hiyo inafanya kazi kwa lori la tani 28 lenye shehena ya mafuta, itashindwaje kwa mtu mmoja mwenye mkoba mgongoni na soksi mbili? Anayetoka Budadiri akaguliwe anaposhuka Chorlim. Anayetoka Chorlim akaguliwe Budadiri au Kapkwata. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanasafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Kitambulisho kinachotosha kwenye daraja la Malaba kitoshe na mlimani.

Mwaka huo huo wa 2014 nchi hizo tatu zilianzisha viza moja ya utalii, dola 100 kwa siku 90, ili mgeni aingie Kenya, Uganda na Rwanda kwa hati moja. Tuliipongeza na tunaipongeza bado. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila katika mlima huu mgeni amekuja, mwenyeji yuko langoni anauza mahindi ya kuchoma. Hatusemi kuuza mahindi ni aibu. Tunasema mtu huyo pia ana haki ya kuingia, na mashirika yote mawili yanalikubali hilo, kwa sababu tayari raia wa ukanda wetu hawatozwi kile anachotozwa mgeni kutoka ng'ambo. Bei si kikwazo kikuu. Kikwazo ni kulipa mara mbili, kwa sarafu mbili, kwa mifumo miwili. Upande wa Kenya malipo yamehamia kwenye mtandao wa eCitizen, na ni raha kwa mwenye laini ya simu ya Kenya. Mtu wa Tororo mwenye laini ya Uganda atahangaika.

Kuna mahali pengine Afrika Mashariki palipofungwa lango kati ya hifadhi mbili, na funzo lake ni chungu. Jumuiya ya kwanza ilipokufa mwaka 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, pamoja na njia ya Bologonja kati ya Serengeti na Maasai Mara. Mpaka ulifunguliwa baadaye, Jumuiya ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999, lakini lango hilo halijarudishiwa watalii. Nyumbu wanavuka kila mwaka kwa mamia ya maelfu. Msafiri anazunguka siku nzima kupitia Isebania au Namanga. Ugomvi wa serikali za wakati huo umebaki kwa njia ya lango, na wengi wanaozuiwa hapo leo walikuwa hawajazaliwa.

Na kuna mahali palipofanywa vizuri zaidi. Katika milima ya Virunga, Kongo, Rwanda na Uganda zina sokwe wanaohama. Familia ya Nyakagezi ya Mgahinga imekuwa ikivuka kwenda nchi jirani na kurudi, na kila ikivuka mapato ya utalii yalivuka nayo. Nchi hizo hazikuwajengea sokwe uzio. Zilikaa chini, zikaunda chombo cha pamoja chenye makao yake Kigali, na mwaka 2015 zikatia saini mkataba. Ikiwa nchi tatu, moja ikiwa vitani, zinaweza kuzungumza kuhusu sokwe, mbili zenye amani zinaweza kuzungumza kuhusu mlima.

Wala si kwamba Jumuiya haijawahi kuugusa Elgon. Kupitia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, iliendesha mpango wa kikanda wa kuhifadhi ikolojia ya mlima huu, uliojulikana kwa kifupi chake, MERECP. Barabara ya Kitale hadi Suam na ile ya Suam hadi Kapchorwa zilipangwa kama mradi mmoja wa nchi mbili, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Benki iliyo Abidjan imeona kwamba pande mbili za mlima zinahitajiana.

Wenyewe wa mlima walijua hilo kabla ya benki. Mpaka huu ulitokana na uamuzi wa ofisi za Uingereza mwaka 1902, walipolitoa jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika himaya ya pili, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Ulikuja kuandikwa kwa kina baadaye: kwa Mto Sio, kwa Mto Malaba, kwa Lwakhakha, hadi kilele cha Sudek, kisha kushuka na Suam. Wateso wakawa wa nchi mbili, Wasamia vivyo hivyo. Wagisu wakabaki Uganda na ndugu zao Wabukusu wakajikuta Kenya, lakini hadi leo mwaka unaogawanyika kwa mbili ukifika, ngoma za tohara hulia pande zote mbili. Wasebei na Wasabaoti wanaelewana kwa lugha bila mkalimani. Na katika miaka ya 1970, uchumi wa Uganda ulipovunjwa na utawala wa Idi Amin na bei ya kahawa duniani ikapanda, magunia ya kahawa yalivuka mlima kwa punda na kwa vichwa vya watu hadi soko la Chepkube. Wazee wa Bungoma wanaikumbuka Chepkube kwa tabasamu. Ilikuwa magendo, na magendo ni kosa. Lakini ilionyesha kwamba njia zipo, zinapitika, na wanaozijua wako hai au wamewaachia watoto wao.

Watoto hao ndio wanaofaa kuwa waongozaji na wapagazi wa safari tunayoipendekeza. Hapa hatuna budi kusema neno lisilopendeza. Hifadhi zote mbili zina watu waliotolewa ndani yake. Wabenet wa upande wa Uganda walipimiwa ardhi mwaka 1983 kwa namna iliyoacha wengi bila kitu. Mwaka 2005 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya makubaliano, iliwatambua kuwa wenyeji wa kihistoria wa eneo hilo, na mwaka 2008 wengine wakafukuzwa tena. Waogiek wa Chepkitale upande wa Kenya wamehangaika tangu eneo lao lifanywe hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Kwa watu hawa neno hifadhi lina sauti ya mlango kubamizwa. Tiketi moja isiyowagusa itakuwa tiketi ya kuwapita.

Sheria ya Uganda inaagiza asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini ziende kwa jamii zinazopakana nayo. Tunapendekeza kanuni hiyo iwe msingi wa tiketi ya pamoja, kwa pande zote mbili, na fedha zake zitangazwe hadharani kwenye ofisi ya chifu na ya mwenyekiti wa LC, kwa jina la kijiji na kiasi kilichopokewa. Watu wa milimani wamesikia ahadi nyingi za asilimia. Hawajazoea kuziona zimebandikwa ukutani.

Msomaji wa Busia anaweza kuuliza haya yanamhusu nini yeye anayeishi bondeni, kazi yake ikiwa kubadilisha fedha au kupakua mchele. Yanamhusu kwa maji. Mito ya Malaba na Malakisi inazaliwa Elgon. Msitu ukikatwa juu, mto hupungua kiangazi na kufurika masika, na daraja lililo kwenye ushoroba wa kaskazini, njia ya shehena inayokwenda Kampala, Kigali na Juba, limekaa juu ya mto huo. Na wanaoishi juu zaidi wanalipa kwa uhai wao. Tarehe 1 Machi 2010 udongo ulishuka Nametsi, wilayani Bududa, ukazika watu kwa mamia. Oktoba 2018 ukashuka Bukalasi. Novemba 2024 ukashuka Bulambuli. Mvua ndiyo iliyoanzisha, lakini miteremko iliyovuliwa miti na kulimwa hadi ukingoni ilikuwa tayari inangoja. Mtu ambaye mlima unamlipa ana sababu ya kuacha mti usimame. Kwa sasa mti uliolala ndio unaolipa haraka.

Wapo watakaotupinga kwa hoja ya usalama, na hawakosei kuiuliza. Kati ya 2006 na 2008 upande wa Kenya wa mlima ulikuwa uwanja wa umwagaji damu wa kundi la SLDF na wa operesheni ya jeshi iliyolifuata, na raia waliumizwa na pande zote mbili. Wezi wa mifugo nao wamewahi kuyatumia mabonde ya kaskazini. Jibu letu ni kwamba mlima usio na watu halali ndio maficho mazuri ya watu haramu. Njia inayopitwa kila wiki na waongozaji, wapagazi na askari wa pande mbili wenye redio inayosikilizana ina macho mengi kuliko msitu mtupu.

Wengine watataja Marburg. Ni kweli kwamba mwaka 1980 na tena 1987 watu wawili waliowahi kuitembelea Kitum waliugua ugonjwa huo na kufa, na tangu hapo pango limepata jina baya vitabuni. Popo wa matunda ndio wanaobeba virusi hivyo. Kwa hiyo ushauri wetu kwa msomaji ni wazi: furahia pango kutoka mdomoni mwake na umsikilize mwongozaji, usiende kupapasa kuta za ndani kulikolala popo. Lakini ugonjwa hauwi hoja ya kugawanya mlima. Mwaka 2017 Marburg ilipozuka Kween, kwenye miteremko ya Uganda, wataalamu wa afya walilazimika kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa pande zote mbili za mpaka. Kama kungekuwa na daftari moja la waliopita mlimani, kazi hiyo ingekuwa nyepesi zaidi.

Basi nani afanye nini? KWS na UWA wakubaliane bei na mfumo mmoja wa malipo unaopokea fedha za simu za nchi zote mbili. Idara za uhamiaji ziweke afisa mmoja mmoja kwenye malango yanayohusika wakati wa misimu ya wapandaji, Desemba hadi Machi na Juni hadi Agosti, si mwaka mzima. Kamisheni ya Kisumu isimamie hesabu. Waongozaji wa pande mbili wafundishwe pamoja, na wafundishwe kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, na hakuna darasa lake zuri kuliko moto wa jioni pale Mude, mpagazi wa Budadiri akimuuliza mwenzake wa Endebess kama chai inatosha.

Na magavana na wenyeviti wa wilaya wasingoje Arusha ili waanze na jambo dogo. Kaunti ya Busia na wilaya za Busia na Tororo zina shule zinazosikia kengele za wenzao ng'ambo ya mpaka. Likizo za Kenya na Uganda hukutana mwezi Desemba, na Desemba ndipo kiangazi cha mlimani kinapoanza. Basi moja lenye wanafunzi 20 wa Kenya na 20 wa Uganda, walimu wao, na mablanketi ya kutosha, linaweza kutoka Busia alfajiri, likapitia Tororo na Mbale, na kufika Sipi kabla ya chakula cha mchana. Mwaka unaofuata wapelekwe Chorlim. Ofisi zote tatu ziko ndani ya safari ya saa moja ya matatu, au ya teksi kama wanavyoiita ng'ambo ya pili, na barua ya mwaliko inaweza kuvuka mpaka kwa bodaboda leo jioni.